Nyika haitaki mbegu za sare

Mwaka 1992 wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Pwani ya Kenya na Tanzania walipata mgeni wasiyemtarajia. Lusina, mti wa malisho walioupanda kwenye mipaka ya mashamba kwa kuambiwa kwamba haufi kwa jua wala kwa panga, ulianza kupukutisha majani machanga. Machipukizi yalijikunja, yakanata, yakafunikwa na ukungu mweusi. Ukitikisa tawi, vidudu vya rangi ya manjano na kijani, urefu wake milimita moja au mbili, viliruka kwa mamia na kutua tawi la pili.

Mdudu huyo anaitwa kitaalamu Heteropsylla cubana, na ni wa jamii ya chawa wa mimea wanaofyonza utomvu. Kwao ni Karibi na Amerika ya Kati. Alionekana Hawaii mwaka 1984, mwaka uliofuata akawa Ufilipino, 1986 yuko Indonesia na Australia, akapita Asia ya Kusini, kisha akavuka Bahari ya Hindi hadi kwetu. Kwa miaka minane alizunguka nusu ya dunia, na kote huko alikuta chakula chake kimeshapandwa, tena chakula cha aina ileile.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kufuata safari ya mti wenyewe. Lusina asili yake ni Mexico na nchi jirani. Inaaminika kwamba meli za Wahispania zilizokuwa zikivuka Pasifiki kutoka Acapulco kwenda Manila ndizo zilizoibeba hadi Asia karne nne zilizopita. Mbegu zilizosafiri zilikuwa chache, na mti huu hujichavusha wenyewe, kwa hiyo punje moja ikiota peke yake kisiwani huweza kuzaa kichaka kizima cha watoto wanaofanana nayo. Kuanzia miaka ya 1960 Profesa James Brewbaker wa Chuo Kikuu cha Hawaii akaeneza aina ndefu zaidi, maarufu kati yake K8 iliyotoka Zacatecas, Mexico. Mwaka 1977 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kikachapa kitabu kizima kuhusu sifa za mti huo. Baada ya hapo ilikuwa nadra kukuta mradi wa maziwa au wa kilimo-mseto katika nchi za joto usiokuwa na kitalu cha lusina, na sehemu kubwa ya miche hiyo ilikuwa ya ukoo mmoja.

Sioni haki ya kuwalaumu waliousambaza. Protini katika majani ya lusina hukaribia robo ya uzito wake mkavu, mizizi yake huteremka mbali kufuata maji, na mfugaji wa Tanga au Kilifi anayemfungia ng'ombe bandani na kumletea mabingobingo matupu anajua maziwa yanavyoongezeka akichanganya na fungu la majani haya. Kasoro ilikuwa kudhani kwamba mti mmoja mzuri unatosha. Lusina hii ya kawaida ina jamaa zake Mexico na Amerika ya Kati, zaidi ya spishi 20 kwa jumla, na baadhi yake, kama Leucaena pallida, mdudu yule huzigusa tu na kuziacha. Wataalamu walirudi huko kutafuta mbegu. Brewbaker na wenzake wakachanganya pallida na lusina ya kawaida. Australia ikaendelea na uzao wa namna hiyo, na aina iitwayo Redlands ikaingia sokoni Queensland mwaka 2019. Tangu mdudu aonekane Hawaii ilikuwa imepita miaka 35.

Huku kwetu waliletwa nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya mwili wa mdudu huyo au juu yake, na hali ikapungua makali. Lusina haikwisha. Bado iko mipakani Muheza na Mtwapa, na mdudu naye bado yuko, akizidi miezi ya ubaridi na unyevu na kupungua kiangazi kikikaza.

Kisa hiki kilikuwa kimeshatokea, kwa mmea mwingine na adui mwingine. Kaskazini mwa Australia, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, ulienea mkunde mdogo wa malisho kutoka Amerika ya Kusini, stailo iitwayo Stylosanthes humilis, ulioingia bila kualikwa kandokando ya mji wa Townsville. Wafugaji waliupenda wakaupanda kwenye nyika zao. Mwaka 1973 ugonjwa wa chule ukaonekana Queensland, na katika misimu michache malisho hayo yakafutika. Waliokuja kuokoa jahazi walikuwa jamaa za mmea huo, hasa Seca, stailo ya kichaka inayostahimili chule kwa kiasi.

Somo hilo halikuishia Australia. Colombia, mwaka 1983, ilitoa aina ya stailo iitwayo Capica kwa ajili ya nyanda zake zenye udongo mchachu na hafifu. Capica si mmea wa namna moja. Ni mchanganyiko wa makusudi wa mbegu kutoka koo tano tofauti za Stylosanthes capitata. Kuvu wa chule ana makabila yake, na kabila linaloangusha ukoo mmoja huenda lisiuweze wa pili. Brazil mwaka 2000 ikafuata na Campo Grande, ambayo ndani ya mfuko mmoja ina spishi mbili. Nitairudia Capica baadaye, kwa sababu ina jambo la kuwaambia watunga kanuni wetu wa mbegu.

Lakini magonjwa na wadudu ni upande mmoja tu. Adui mkubwa wa malisho katika maeneo kama Dodoma, Kitui au Ogaden ni mvua yenyewe, na hasa mvua ya uongo. Inanyesha siku nne mfululizo, ardhi inalowa, kila kitu kinachipua, halafu mbingu zinafungwa kwa wiki tatu. Mahindi yaliyoota yanakauka na mkulima anarudi dukani kununua mbegu. Mkunde wa mwituni hauna duka la kurudi. Ukiotesha punje zako zote kwa mvua ya kwanza, mvua hiyo ikiongopa, ukoo wako umekwisha mahali pale.

Mimea imelitatua jambo hili kwa njia ambayo mwaka 1966 mtaalamu Dan Cohen aliiandika kwa hesabu: kadiri uwezekano wa msimu kuharibika unavyokuwa mkubwa, ndivyo inavyofaa sehemu ndogo zaidi ya mbegu iote mwaka huu na iliyobaki isubiri. Kwa mikunde, kusubiri huko kumo ndani ya ganda la punje. Ganda ni gumu, halipitishi maji, na hulainika polepole kwa joto la udongo la mchana na ubaridi wa usiku, mwezi baada ya mwezi. Punje za mmea mmoja, hata za tumba moja, hazilainiki kwa pamoja. Nyingine zitaota mwaka huu, nyingine mwakani, nyingine baada ya miaka mitano.

Yeyote aliyewahi kuandaa kitalu cha lusina, ambayo nayo ni mkunde, amelishika jambo hili mkononi. Punje ni za kahawia, bapa, zinang'aa. Ukizizika hivi hivi, nyingi zitakaa tu. Kwa hiyo maji yanachemshwa, sufuria inaepuliwa, yanaachwa yatulie kidogo, punje zinamiminiwa na kuachwa zilale humo hadi asubuhi. Kukicha, nyingi zimefura, zimepoteza mng'ao, ukizibana kwa kucha zinabonyea. Chache zimebaki vilevile kama zilivyotoka kwenye ganda, ndogo na kavu. Vijitabu vya ugani huzihesabu punje hizo kuwa hasara. Kitaluni ni hasara kweli, maana unataka miche iliyolingana. Nyikani, punje zilizogoma ndizo akiba.

Mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa undani kuliko pengine popote ni kusini mwa Australia, kwa klova iliyotoka pwani za Mediterania. Mwaka 1889 mkulima Amos Howard aliiona ikimea karibu na Mount Barker, Australia Kusini, akatambua thamani yake, na kuanzia 1906 akawa anauza mbegu. Klova hii huchanua karibu na ardhi na kuzisukuma tumba zake udongoni, kama karanga. Kondoo hula majani, mbegu zinabaki salama chini. Baadaye watafiti walirudi Sardinia, Ugiriki, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati kukusanya aina za kienyeji, wakaona mpangilio unaoeleweka: kadiri walivyosogea kwenye ukavu, klova zilichanua mapema zaidi na ganda la punje likawa gumu zaidi. Kila kilima kilikuwa kimechagua mimea yake kulingana na mvua ya hapo.

Klova ilileta pia funzo chungu. Magharibi mwa Australia wafugaji walipenda sana aina iitwayo Dwalganup kwa sababu iliwahi kuchanua. Miaka ya 1940 kondoo wao walianza kutoshika mimba. Aina hiyo ilikuwa na kiwango kikubwa cha kemikali inayogeuka tumboni mwa mnyama na kufanya kazi kama homoni ya kike. Malisho yalikuwa ya namna moja, basi hata kasoro yake ikaenea kote. Na bado mimea haikukubali kubaki namna moja. Mwaka 1979 watafiti Cocks na Phillips walichapisha uchunguzi wa malisho ya zamani ya Australia Kusini: ndani ya mashamba yaliyopandwa aina chache zinazojulikana walikuta maumbo mapya ambayo hakuna aliyeyapanda. Mmea unaojichavusha karibu siku zote hupata siku moja moja nyuki akachanganya, na siku hizo chache zilitosha.

Turudi nyumbani, maana kuna jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Afrika Mashariki haikuwa mpokeaji tu wa mbegu za malisho. Ilikuwa chimbuko. Kitale, Kenya, katikati ya karne iliyopita, mtafiti Alexis Bogdan alikusanya na kujaribu nyasi na mikunde ya pori mwaka baada ya mwaka. Mbegu kutoka eneo hili zilisafiri hadi Queensland na New South Wales, zikapewa majina mapya na kusajiliwa. Nyasi ya Biloela inayofunika nyika za Queensland ilitoka Dodoma mwaka 1937. Mkunde unaotambaa ambao huku huonekana kama magugu ya kandokando ya barabara, Neonotonia wightii, ulitoa aina mbili zilizopata soko Australia: Tinaroo kutoka Kenya na Cooper kutoka Tanganyika ya wakati huo.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha ngwara. Wengine huiita fiwi, Wakikuyu huiita njahi na kumpikia mama aliyejifungua. Karatu na Babati hupandwa katikati ya mahindi. Mahindi yakishavunwa na mabua kugeuka rangi ya vumbi, ngwara bado ni mbichi shambani, imepanda juu ya mabua hayo na kutoa maua ya zambarau au meupe wakati mimea mingine imeshakata tamaa. Mkulima anavuna punje, nyingi zikivuka mpaka wa Namanga kwenda Nairobi, na ng'ombe wanamaliza majani. Chakula cha mtu, cha mnyama na cha udongo kwa mmea mmoja.

Mwaka 1962 Australia ilisajili ngwara ya malisho iitwayo Rongai. Jina halikubuniwa, mbegu ilitoka Rongai, Kenya. Tangu hapo Rongai imepandwa karibu kila nchi ya joto, na imerudi pia Afrika Mashariki ikiwa ndani ya pakiti. Ni mmea mzuri, wenye majani mengi. Lakini huchelewa kuchanua, husubiri siku zifupike. Penye mvua ndefu hilo ni neema, maana nguvu zote zinakwenda kwenye majani. Penye mvua ya miezi mitatu, mkulima atapata majani halafu ukame utamkuta hajapata mbegu, na msimu ujao atanunua tena. Rongai ni ukoo mmoja tu uliochaguliwa kwa mahitaji ya Australia, na si haki kuitarajia ibebe tabia zote za ngwara ya Afrika Mashariki.

Hizo tabia ni nyingi kiasi gani? Mwaka 2023 Isaac Njaci, wakati huo akiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo mjini Nairobi, pamoja na wenzake wengi wa Afrika na Ulaya, walichapisha ramani kamili ya vinasaba vya ngwara. Matokeo yalithibitisha jambo lililokuwa likishukiwa: ngwara ilitolewa mwituni na kulimwa mara mbili, kila mara kivyake. Iko ngwara yenye punje nne kwenye tumba, ambayo ndiyo iliyoenea hadi India na duniani, na iko yenye punje mbili ambayo ilichukuliwa kutoka mwituni kivyake na imebaki Ethiopia. Jamaa zao wa mwituni bado wapo katika vichaka vya Afrika Mashariki na Kusini, wenye punje ndogo zenye madoadoa, ganda gumu, na tumba zinazopasuka zenyewe. Australia iliwahi kuchanganya Rongai na ngwara ya mwituni ya Afrika, ikapata aina iitwayo Endurance inayodumu zaidi ya msimu mmoja. Kwa hiyo vile vichaka tunavyofyeka kwa jembe la trekta bila kuuliza vina kitu ambacho wengine wamekivukia bahari kukitafuta.

Huku kwetu ngwara ilisukumwa pembeni. Mwanahistoria Claire Robertson ameandika jinsi maharage ya kigeni yalivyopewa nafasi katika Kenya ya kikoloni kwa sababu ya soko, na kunde za wanawake, njahi ikiwamo, zikarudi nyuma. Kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, baadaye kilitoa aina yake kwa ajili ya nyanda kame, DL1002, ya chakula na malisho. Ni hatua. Ila ni aina moja.

Hali ngumu nayo si ukame peke yake. Nyanda za juu za Ethiopia zina udongo mweusi unaotuama maji masika yote, na humo huota klova za Kiafrika ambazo miguu yake huvumilia kulowa. Ukiing'oa moja na kukipasua kwa ukucha kinundu cha mzizi wake, ndani kuna wekundu wa nyama: hapo bakteria wanafanya kazi ya kukamata nitrojeni. Kikiwa kijani au cheupe, hawafanyi kitu. Klova hizi hazielewani na bakteria waliozoea klova za Ulaya, na hilo liliwasumbua waliodhani wataagiza bakteria wa kupaka mbegu kutoka nje na mambo yaishe. Mmea na bakteria wake huzoea mahali kwa pamoja.

Mbegu za aina hizi zimehifadhiwa, na tusiseme kwamba hakuna anayejali. Benki ya mbegu ya malisho ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, mjini Addis Ababa, ina sampuli zaidi ya 18,000. Kenya ina hifadhi yake Muguga, Tanzania ina yake Arusha. Lakini sampuli iliyoko kwenye friji imesimama mahali ilipokuwa siku ilipoingia. Haikutani na mdudu mpya wala na masika yaliyopungua. Kazi hiyo hufanyika shambani, na shamba linahitaji mbegu ambazo mkulima anaweza kuzipata.

Hapo ndipo penye kizingiti. Ili aina ya mbegu isajiliwe, iwe kwa wasimamizi wa mbegu TOSCI upande wa Tanzania au KEPHIS upande wa Kenya, inapaswa kuonyesha mambo matatu: itofautiane na nyingine, mimea yake ilingane, na isibadilike mwaka hadi mwaka. Kwa mahindi ya kiwandani sina ubishi. Mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Kwa malisho ya nyika, sharti la pili linapigana na kazi yenyewe. Ng'ombe hajali kama mimea yote imechanua siku moja. Mfugaji wa Kongwa anajali kama mwaka wa tatu kutakuwa na kitu kimeota.

Colombia ilikwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Capica ilitolewa rasmi ikiwa mchanganyiko, koo zake tano zikiwa zinajulikana na kuhifadhiwa kila mmoja peke yake, kisha zikachanganywa kwa ajili ya soko. Mnunuzi hakudanganywa. Tanzania nayo ina daraja la mbegu za kuazimiwa, ambalo huruhusu wakulima waliosajiliwa kuzalisha na kuuza mbegu karibu na wanakoishi kwa ukaguzi mwepesi zaidi. Daraja hilo kwa sasa linahudumia aina zilizokwisha kusajiliwa. Kulipanua likubali michanganyiko ya mikunde ya malisho ya kienyeji, yenye asili iliyoandikwa, hakuhitaji maabara mpya wala mfadhili. Kunahitaji kanuni.

Wakati kanuni hiyo ikisubiriwa, kuna mambo mawili ambayo mfugaji anaweza kuyafanya mwenyewe msimu huu. Anapovuna mbegu za ngwara au stailo, asichume siku moja tu mimea ilipoiva kwa wingi. Achume pia za iliyowahi na za iliyochelewa, azichanganye kwenye chombo kimoja. Na anapopanda stailo kwa ajili ya malisho ya kudumu, asizitie zote maji ya moto. Atenge sehemu, tuseme theluthi, aimwage shambani ikiwa kavu na ngumu jinsi ilivyotoka. Msimu wa kwanza shamba litaonekana lina mapengo, na bwana shamba anaweza kumuuliza kwa nini.